Kupiga Picha za Sayari kwa Darubini: Mwongozo Kamili kwa Anayeishi Karibu na Ikweta

Mtu akiitazama Mshtarii kwa darubini mara ya kwanza hufurahi, kisha huuliza: mbona inachezacheza? Inaonekana kama kokoto chini ya maji ya kijito. Linatulia nusu sekunde, mikanda miwili ya kahawia inajitokeza wazi, halafu maji yanatikisika na kila kitu kinavurugika. Maji hayo ni hewa yetu. Mwanga umesafiri zaidi ya kilomita milioni 600 bila kuguswa na chochote, ukaja kuvurugwa katika kilomita chache za mwisho.

Kupiga picha za sayari ni kuiwinda hiyo nusu sekunde. Ndiyo maana hatupigi picha moja. Tunarekodi video yenye maelfu ya fremu, kompyuta inazichambua na kuchagua zilizonaswa hewa ilipotulia, kisha inazilaza moja juu ya nyingine mpaka ipatikane picha moja safi. Shika hilo kichwani unaposoma yote yanayofuata, kwa sababu kila ushauri nitakaoutoa unahusu ama kuipata hewa tulivu, ama kuwa tayari inapokuja.

Faida tuliyopewa bure

Wengi hudhani lazima uende porini penye giza. Kwa galaksi, ni kweli. Kwa sayari, hapana. Mshtarii, Zohali, Zuhura na Mirihi zinang'aa vya kutosha kuonekana licha ya taa za Dar es Salaam, na picha nzuri kabisa hutoka uani katikati ya mji.

Faida kubwa zaidi ni mahali tulipo. Sayari hufuata njia inayopita juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2018 Zohali ilipokuwa karibu na Dunia, mtu wa London aliiona ikipanda hadi digrii 16 tu juu ya upeo wa macho, karibu na mapaa ya nyumba. Siku hizohizo kwa mtu wa Dar es Salaam ilifika digrii 74. Sayari iliyo chini hutazamwa kupitia hewa nene, inayoitikisa na hata kuutawanya mwanga wake, ukingo mmoja ukawa mwekundu na mwingine wa bluu. Wenzetu wa kaskazini hununua kifaa maalumu chenye vioo vya pembetatu kurekebisha mtawanyiko huo. Sisi mara nyingi hatukihitaji.

Si nadharia tupu. Mwaka 2006 Christopher Go, mpiga picha za sayari wa Cebu, Ufilipino, kwenye latitudo ya digrii 10 tu kaskazini mwa ikweta, ndiye aliyegundua kwamba doa jeupe la Mshtarii liitwalo Oval BA limegeuka rangi kuwa jekundu. Alitumia darubini ya inchi 11, si mtambo wa serikali.

Vifaa: pesa iende wapi

Kwanza kipimo kimoja, maana kitarudi mara nyingi. Angani tunapima kwa digrii. Digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60 za tao. Mwezi mpevu una upana wa takribani sekunde 1,800 za tao. Mshtarii ikiwa karibu ina 45 hivi. Kwa hiyo unapiga picha ya kitu kidogo mara 40 kuliko Mwezi.

Undani unaamuliwa na kipenyo cha darubini. Gawanya 116 kwa kipenyo kwa milimita, upate kitu kidogo kabisa inachoweza kukitenganisha. Ya milimita 150 inafika sekunde 0.77 za tao, ya milimita 200 inafika 0.58. Darubini ya kioo ya aina ya Newton yenye milimita 150 hadi 200 ndiyo ninayompendekezea anayeanza kwa dhati, kwa sababu inatoa kipenyo kikubwa kwa pesa ndogo. Anayeishi ghorofani au karibu kabisa na bahari afikirie Maksutov ya milimita 127: ni fupi, na bomba lake limefungwa mbele, hivyo hewa ya chumvi haivifikii vioo kirahisi.

Stendi isidharauliwe. Darubini ya milimita 130 iliyosimama imara itakupa picha nzuri kuliko ya milimita 200 inayoyumba kila upepo unapopita. Ikiwa na mota ya kuifuata sayari, kazi inakuwa nyepesi. Isipokuwa nayo bado inawezekana, na nitaeleza.

Kamera ya sayari ni kijisanduku kidogo kinachoingia pale inapokaa lenzi ya jicho na kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. ZWO na QHY ni watengenezaji wanaofahamika. Kihisi chake ni kidogo, na hilo ni jambo jema, kwa sababu sayari ni ndogo na fremu ndogo hurekodiwa kwa kasi kubwa. Chukua ya rangi. Za rangi nyeusi na nyeupe hutoa matokeo makali zaidi, lakini zinadai filta tatu na kurekodi mara tatu, na usiku wa kwanza si wa kujitwisha mzigo huo. Hakikisha tu kamera ina filta ya kuzuia infraredi (mwanga usioonekana kwa jicho), ama ndani yake ama ya kufunga mbele. Bila hiyo rangi zitakuwa za ajabu na picha haitakaza.

Sasa hesabu ambayo wengi huiruka kisha wanajiuliza kwa nini sayari yao ni nukta. Soma ukubwa wa pikseli za kamera yako kwa mikroni (sehemu za elfu za milimita), zidisha kwa 5. Jibu ndilo uwiano wa fokasi unaoutafuta, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo, unaoandikwa f/. Kamera ya ASI462MC ina pikseli za mikroni 2.9, hivyo inataka f/14.5 hivi. Darubini ya milimita 200 yenye urefu wa fokasi wa milimita 1,200 ni f/6. Weka lenzi ya Barlow, inayorefusha fokasi na kukuza picha, ya mara 2.5 unapata milimita 3,000, yaani f/15. Hapo kila pikseli inabeba sekunde 0.2 za tao, na Mshtarii inakuwa na upana wa pikseli 225. Inaonekana ndogo kwenye skrini, lakini ndiyo saizi yake ya haki. Ukiongeza Barlow ya mara 5 utapata mpira mkubwa wenye ukungu, mwanga umepungua, na hakuna undani wowote ulioongezeka. Maksutov yenye f/12 tayari iko karibu na lengo. Kwa kamera hiyohiyo itumie bila Barlow.

Kompyuta mpakato iwe na tundu la USB 3 na diski ya SSD. Fremu ya pikseli 640 kwa 480 ni takribani kilobaiti 300. Kwa fremu 100 kila sekunde, dakika mbili ni karibu gigabaiti 3.7. Diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kushindwa kumeza kwa kasi hiyo, ikaangusha fremu njiani. Na kwa sababu umeme hukatika bila taarifa, uwe na betri ya volti 12, hata ile ya sola ya nyumbani, kwa ajili ya mota.

Kama una simu tu

Anza nayo, usisubiri. Nunua kishikio kinachobana simu kwenye lenzi ya jicho, tumia lenzi ya milimita 10 hivi, iweke sayari katikati. Bonyeza juu ya sayari na ushikilie mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, kisha shusha mwanga mpaka uone mikanda badala ya duara jeupe. Hapo ndipo wengi wanapokosea: simu huona anga nyeusi, hujaribu kuing'arisha, na sayari inaungua. Rekodi video ya dakika moja. Video hiyo itapita hatua zilezile za kompyuta zilizoelezwa hapa chini, ila lazima kwanza igeuzwe kwa programu ya bure iitwayo PIPP. Utapata pete za Zohali na mikanda ya Mshtarii, na utajifunza karibu kila kitu kabla ya kutumia pesa ya kamera.

Kuchagua msimu na saa

Sayari za nje (Mirihi, Mshtarii na Zohali) hupigwa vizuri Dunia inapokuwa katikati yao na Jua: zinachomoza Jua likitua, ziko karibu na zinaonekana usiku kucha. Mshtarii hurudia hali hiyo kila baada ya miezi 13 hivi, Zohali kila mwaka na wiki mbili, Mirihi kila miaka miwili na miezi miwili. Zohali itafika hapo tarehe 4 Oktoba 2026, ikipanda zaidi ya digrii 80 kwa aliyeko Dar es Salaam. Februari 2027 italeta Mshtarii na Mirihi kwa kupishana siku chache, zote mbili zikiwa kwenye kundinyota la Simba. Huna haja ya kungoja siku yenyewe, miezi miwili kabla na miwili baada ni msimu mzuri. Programu ya bure ya Stellarium itakuonyesha kila sayari iko wapi saa yoyote, ukishaiambia unakaa wapi.

Masika usijiumize, mawingu hayatakuruhusu. Januari na Februari, kati ya vuli na masika, na kipindi kikavu cha Juni hadi Septemba ndicho cha kuvunia.

Utulivu wa hewa ni habari nyingine kabisa, na usiku mweupe pe unaweza kuwa mbaya kuliko wenye utando mwembamba wa mawingu. Tazama nyota zilizo juu kabisa. Zikikonyezakonyeza kwa kasi, hewa inachafuka. Zikitulia kama taa za mbali, toa darubini haraka. Upepo wa pwani ukitoka baharini bila kukatwa na majengo mara nyingi huwa laini. Adui wa mjini ni joto lililohifadhiwa: mabati, ukuta wa zege, lami. Yote hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Usiipige sayari inayopita juu ya paa la jirani, ngoja ipande. Usiweke darubini juu ya paa la zege ukidhani umekaribia mbingu, bora uwe kwenye majani au udongo. Kwa uzoefu wangu, kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri ndipo vitu vinapotulia, na picha zangu ninazozithamini zimetoka saa nane na saa tisa usiku, mtaa wote umelala.

Kuandaa darubini

Mchana, ilinganishe finda (kidarubini kidogo cha kulengea kilicho pembeni) na darubini kwa kutazama kitu cha mbali, mnara wa simu au minara ya msikiti. Ukiifanya kazi hii usiku gizani utapoteza saa nzima ya sayari. Lakini sikia: mchana usiipeleke darubini karibu na Jua hata kidogo. Jua kupitia darubini hupofusha jicho papo hapo, na huyeyusha kamera.

Toa darubini nje saa moja kabla ili vioo viwe na joto sawa na hewa. Vikiwa na joto zaidi, mawimbi ya hewa ya moto yatazunguka ndani ya bomba na utailaumu anga bure. Pwani kuna kinyume chake, na kiliniumiza mwaka wangu wa kwanza: nilikuwa nikihifadhi darubini chumba chenye kiyoyozi. Kila nikiitoa kwenye hewa nzito ya usiku, vioo vinafunikwa na unyevu kama chupa ya maji baridi, na saa nzima inakwenda. Ihifadhi chumba cha kawaida, imefunikwa, na vipakiti vya kukausha unyevu ndani. Kwa Maksutov, zungushia mdomo wake sponji la godoro lililokatwa kama shati la mkono mmoja. Umande utachelewa sana kufika kwenye kioo cha mbele.

Kisha vioo vinyooshwe. Kwa darubini ya Newton hii si hiari. Kioo kikuu na kile kidogo vikitazamana upande, hakuna kamera wala programu itakayoirudisha picha. Ikague kwa nyota angavu iliyo juu: ivuruge fokasi kidogo, nyota itafunguka kuwa duara lenye duara ndani yake. Maduara yote yakishiriki kitovu kimoja, uko sawa. Yakiegemea upande, zungusha skrubu za nyuma ya kioo kikuu robo mzunguko kwa wakati, ukiirudisha nyota katikati kila mara, mpaka yakae katikati. Fanya hivyo kila usiku, kwa sababu kubeba darubini kupita mlangoni kunatosha kuvisogeza.

Shida ya ikweta: stendi haina pa kuelekea

Vitabu vingi vimeandikwa na watu wanaoiona Nyota ya Kaskazini juu ya nyumba zao. Stendi ya ikweta inataka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kuzunguka. Kwa Dar es Salaam ncha ya kusini iko digrii 7 hivi juu ya upeo. Kwa Nairobi ni digrii 1 na ushei. Mhimili unalala karibu chini kabisa, na stendi nyingi hugoma, ama kipimo cha latitudo kinafika mwisho, ama uzito wa kusawazisha unagonga mguu.

Dawa ipo. Uelekeze mguu mmoja upande ambao uzito hautapita, na kama kipimo hakishuki vya kutosha, uinamishe mkao wote kwa kuweka tofali au ubao chini ya mguu unaofaa, ukihakikisha hauwezi kupinduka. Elekeza kusini kwa dira ya simu. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki dira inatofautiana na kusini halisi kwa digrii chache tu, na kwa video ya dakika mbili hilo linavumilika. Sayari ikitambaa taratibu upande mmoja, irudishe kwa kidhibiti cha mkono. Hatuhitaji usahihi wa wanaopiga galaksi kwa saa nzima.

Anayetumia stendi ya kupanda na kuzunguka ana shida tofauti: sayari ikifika juu kabisa ya kichwa, stendi lazima izunguke haraka mno kuifuata, nayo hushindwa. Zohali ya Oktoba 2026 itatupitia papo hapo. Ipige ikiwa kati ya digrii 50 na 75, kabla au baada. Hewa ya hapo ni nyembamba vya kutosha.

Na asiye na mota? Kwenye kamera niliyoitaja, kwa urefu wa fokasi wa milimita 3,000, sayari huchukua sekunde 25 hivi kukatiza kihisi chote. Iweke upande inakotokea, toa mkono, subiri mtikisiko uishe, rekodi inavyopita. Rudia mara sita. PIPP itaiweka sayari katikati ya kila fremu na kuziunganisha video zote kuwa moja. Inachosha, lakini picha inayotoka inaweza kukaribia ya mwenye mota.

Kuinasa na kuitia fokasi

Anza na lenzi ya jicho yenye ukuzaji mdogo. Iweke sayari katikati. Badili, weka yenye ukuzaji mkubwa, katikati tena. Ndipo uitoe na kuingiza kamera. Fungua FireCapture au SharpCap kwenye kompyuta, tumia kihisi chote, pandisha geini (kiwango cha kamera kuukuza mwanga) mpaka juu. Usipoona kitu, mara nyingi sayari imo lakini fokasi iko mbali mno, mwanga wake umetawanyika. Zungusha fokasi polepole utaona duara kubwa hafifu likijikusanya. Ikishaonekana, punguza eneo la kurekodi hadi 640 kwa 480.

Fokasi ndiyo hatua ninayoitumia muda mrefu kuliko zote. Ukikaribia, darubini inatikisika kila ukigusa, na hewa inakudanganya. Bana kibanio cha nguo kwenye kitufe cha fokasi, ukisukume kwa ncha ya kidole, mtikisiko utapungua sana. Kwa Mshtarii tazama miezi yake, inapokuwa nukta ndogo kabisa uko karibu. Kwa Zohali tafuta ufa mweusi kwenye pete, unaoitwa Cassini. Pita fokasi, rudi, pita upande mwingine, rudi, ukijifunza kingo zote mbili ziko wapi, kisha simama katikati. Joto la usiku linaposhuka fokasi husogea, hivyo rudia kila nusu saa.

Mipangilio na kurekodi

Rekodi kwa faili la SER, biti 8. Muda wa kila fremu uwe mfupi ili hewa isipate nafasi ya kuisogeza sayari ndani ya fremu moja. Kwa f/15 anza na milisekunde 10 kwa Mshtarii, 25 kwa Zohali, 5 kwa Mirihi, 1 kwa Zuhura. Kisha pandisha geini mpaka histogramu (mchoro wa kiwango cha mwanga kwenye skrini) ifike asilimia 60 hadi 70. Fremu moja moja itakuwa na chengachenga na utaogopa. Usiogope. Ukilaza fremu 2,500, chenga hupungua mara 50, kwa kuwa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kinachoweza kuondolewa ni chenga. Mtikisiko uliorekodiwa ndani ya fremu hauondoki.

Usirekodi kwa muda wowote unaoupenda, kwani sayari nayo inazunguka. Siku ya Mshtarii ni saa 9 na dakika 55, na katikati ya uso wake alama husogea karibu robo ya sekunde ya tao kila dakika. Kwa darubini ya milimita 200, baada ya dakika mbili na nusu alama imehama kiasi ambacho darubini inakiona. Kwa hiyo dakika mbili. Mirihi inazunguka polepole na ni ndogo, dakika nne zinafaa. Zohali haina alama kali, dakika nne hadi tano.

Rekodi nyingi. Video kumi kwa usiku, kumi na tano ikiwezekana. Hujui hewa itatulia dakika ipi, na aliyerekodi mbili kisha akaenda kulala ameiachia bahati kazi yake.

Kompyutani

AutoStakkert ni ya bure na inatosha. Fungua faili, chagua kwamba ni sayari, bonyeza Analyse. Itazipanga fremu kutoka bora hadi mbaya na kukuchorea grafu. Mstari ukishuka ghafla, fremu nzuri zilikuwa chache, chukua asilimia 10. Ukishuka taratibu, hewa ilikuwa njema, chukua 25 hata 40. Weka pointi za kulinganisha, za ukubwa wa wastani, usizijaze. Kisha iache ifanye kazi, utapata faili la TIFF lenye picha laini kama ya sabuni. Wengi huvunjika moyo hapa. Undani umo ndani, haujanolewa bado.

Ipeleke RegiStax au AstroSurface. Utaona vitelezi vya kunoa kwa tabaka, la kwanza kwa vitu vidogo kabisa, yanayofuata kwa vikubwa zaidi. Sogeza polepole, na uweke kipunguza chenga kidogo kwenye tabaka la kwanza. Mikanda itaanza kutoka kama picha inavyotoka kwenye maji ya chumba cha giza. Kuna mahali pa kusimama: ukiona ukingo wa sayari umepata mstari mweupe, au ndani ya ukingo wa Mirihi kuna upinde mwembamba usiokuwepo kwenye video, umepita. Rudi nyuma. Mimi huiacha picha mpaka kesho yake niitazame kwa macho mapya, na karibu kila mara hupunguza.

Linganisha rangi kwa kitufe cha RGB. Zohali iwe ya manjano kama asali nyepesi, Mshtarii krimu na kahawia. Usikoleze mpaka Mirihi iwe nyanya.

Na jambo moja ninalolisimamia kwa nguvu: usitumie programu za akili mnemba zinazobuni undani. Zinachora mikanda ambayo kamera yako haikuiona. Picha ya sayari ni ushahidi wa hali ya anga ya huko siku hiyo, na ushahidi hauongezewi chumvi.

Ukishazoea, jifunze WinJUPOS. Programu hiyo inarudisha nyuma mzunguko wa sayari, hivyo video tano za dakika mbili mbili zinaweza kuunganishwa kana kwamba Mshtarii ilisimama dakika kumi.

Kila sayari na tabia yake

Anza na Mshtarii, inasamehe makosa. Tafuta Doa Jekundu Kuu, lakini huonekana tu likiwa upande wetu, kwa hiyo angalia saa zake kwenye Stellarium kwanza. Usiku mwingine kivuli cha mwezi wa Mshtarii hukatiza usoni kama nukta ya wino, na ukirekodi kila dakika kumi utaiona ikisafiri.

Zohali ni hafifu, inataka subira na geini. Machi 2025 pete zake zilitukabili kwa ukingo zikawa kama uzi, na sasa zinafunguka tena mwaka hadi mwaka.

Mirihi ni ngumu. Februari 2027 itakuwa na sekunde 14 tu za tao, wakati Julai 2018 ilifika 24. Hata hivyo kofia nyeupe ya ncha na maeneo ya giza yatatoka kwa darubini ya milimita 200. Kama kuna filta ya kupitisha infraredi pekee, hapa ndipo inapolipa, kwa kuwa mawimbi marefu hayatikiswi sana na hewa.

Zuhura kwa mwanga wa kawaida ni nyeupe tupu. Uzuri wake ni umbo linalobadilika kama Mwezi. Ipige jua likishatua, ikiwa bado juu, usingoje giza.

Andika saa

Tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley, mpiga picha wa ridhaa huko Australia, aliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii ambalo halikuwepo siku mbili nyuma. Kitu kilikuwa kimeigonga sayari. Wanasayansi wa NASA walielekeza darubini kubwa ya Hawaii kwa taarifa yake. Aliaminiwa kwa sababu alikuwa na picha za nyuma za kulinganisha na saa kamili za kila moja.

Nawe andika saa ya katikati ya kila video, kwa saa ya dunia yaani UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Angalia usichanganye na kuhesabu kwetu: saa tano na dakika ishirini usiku ni 23:20, na kwa UTC ni 20:20. Video iliyoanza saa 5:19 na kuisha saa 5:21 usiku wa tarehe 15 Februari 2027 iitwe 2027-02-15-2020_0, tarakimu ya mwisho ikiwa sehemu ya kumi ya dakika. WinJUPOS husoma jina hilo moja kwa moja. Weka saa ya kompyuta sawa kwa intaneti kabla hujatoka uani.